Mgomba na Chipukizi Lake

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wilayani Biharamulo, nami nikaona kaya moja ikibomoa paa la nyumba yake ili ikaijenge upya kando ya barabara. Mwezi Novemba 1973 Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, bali ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla mwaka 1976 haujaisha. Mzee mwenye nyumba hakubisha. Alisimama akaitazama migomba yake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na hii nayo itahama?" Sikuwa na jibu. Wala sikudhani kwamba swali lile lingenirudia baada ya miaka karibu arobaini, nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta.

Nilistaafu mwaka 2010. Hapa Ngara mjini palikuwa na chumba kidogo chenye kompyuta sita kuukuu, zikitunzwa na kijana niliyemfundisha darasa la nne. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kulipia leseni, aliziwekea Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo lina maana ya utu, na kwa msemaji wa lugha zetu za Kibantu ni neno la nyumbani. Ubuntu ni programu huria: mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuchungua jinsi ilivyoundwa, kuibadili na kuwagawia wengine.

Sisi walimu wastaafu tulikuwa tukienda pale kuandika barua zetu za mafao. Nami, kwa mazoea ya ualimu, niliandika hatua zote katika daftari: bonyeza hapa juu kushoto, teremka hadi neno la tatu, fungua. Wenzangu wakalinakili. Mama mmoja, mwalimu mwenzangu, alikuwa akija kwa basi kutoka Biharamulo kupitia Nyakahura. Alijifunza kwa miezi mitano, na siku alipochapa barua yake ya kwanza bila msaada, aliikunja kama mtu anayekunja kanga mpya.

Mwaka 2012 kijana wetu akaweka toleo jipya. Tulipofika, ile orodha ya juu kushoto haikuwapo. Badala yake palikuwa na safu ya picha upande wa kushoto, na mahali pa kuandika jina la kitu unachokitafuta. Daftari langu likawa karatasi tupu. Yule mama alijaribu kwa muda wa saa nzima, akachukua mkoba wake, akasema, "Mwalimu, uzee huu umeniruhusu kujifunza mara moja. Mara ya pili sitaweza." Hakurudi tena.

Nilikasirika. Nikamwuliza kijana ni nani aliyetuamulia mambo haya. Yeye, kwa adabu, akanijibu kwa swali: "Shikamoo Mwalimu, lakini wewe umewalipa shilingi ngapi?" Ndipo nilipoanza kuifuatilia historia ya jambo hili, nikagundua kwamba hasira yangu ilikuwa na ndugu wengi duniani.

Ile sura ambayo kompyuta hukuonyesha ikishawaka, pamoja na orodha, madirisha na vitufe vyake, huitwa eneokazi. Mwezi Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen huko Ujerumani, aliwaita wenzake waunde eneokazi huria lililoitwa KDE. Lakini lilijengwa juu ya Qt, programu ya kampuni ya Kinorwe, ambayo wakati huo haikuwa huria kamili. Wengine wakasema nyumba ya watu huru haiwezi kujengwa juu ya kiwanja cha mwenyewe. Mwezi Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha GNOME. Kwa hiyo tangu mwanzo ugomvi ulikuwamo.

Mwezi Aprili 2011 ugomvi ukapamba moto. GNOME 3 ilitoka bila orodha ya zamani, bila ule mstari wa chini unaoonyesha madirisha yaliyofunguliwa, na hata kitufe cha kushusha dirisha kikaondolewa. Mwezi huohuo Ubuntu nayo ikaja na eneokazi lake liitwalo Unity, yaani umoja, na umoja huo ukaleta mfarakano. Linus Torvalds, muasisi wa Linux yenyewe, alilalamika hadharani, akahamia eneokazi jingine liitwalo Xfce.

Ni haki kuwasikiliza na waundaji pia. Walikuwa na hoja: vioo vya kompyuta vilikuwa vikibadilika, na kazi ya zamani ilikuwa mzigo kuitunza. Tena vijana wa sekondari waliokuja chumbani mwetu hawakulalamika. Waliandika herufi tatu wakapata wanachokitaka, wakati sisi tungali tunapapasa. Kilichokuwa jeraha kwetu kwao kilikuwa njia ya mkato.

Lakini hapa ndipo ninapokumbuka swali la yule mzee wa migomba. Mwaka 1974 hakukuwa na mlango wa kusema, "Nendeni ninyi, mimi nitabaki na kilicho changu." Sifananishi machungu ya waliohamishwa na manung'uniko ya watazama kioo, hayo hayapimwi kwa mizani moja. Nasema tu kwamba katika programu huria mlango huo upo. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua kazi ya GNOME ya zamani, akaiendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha kwao. Watu wa Linux Mint nao wakaunda Cinnamon. Mkulima wa Ngara anaielewa habari hii bila kufundishwa: mgomba ukikatwa, chipukizi hubaki shinani, na mwenye jembe huling'oa akaenda kulipanda anapotaka. Wenye GNOME wenyewe, mwaka 2013, wakarudisha sura ya kizamani kwa anayeitaka. Mwaka 2017 Ubuntu ikatangaza kuiacha Unity, ikarudi kwa GNOME.

Hata hivyo tusijidanganye. Ruhusa ya kupanda chipukizi haina faida kwa asiye na jembe. Sisi wa Ngara hatukuwamo katika mabishano hayo. Yaliendeshwa kwa Kiingereza, na waliosikilizwa zaidi ni wenye ujuzi wa kuunda. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kila sura inapobadilika, maneno mapya huzaliwa na tafsiri huchakaa, na lugha yenye wafasiri wachache huachwa nyuma kwanza. Mabadiliko yaleyale humgharimu Mjerumani wiki moja, nasi yakatugharimu miaka.

Mwaka 2014 kijana wetu aliziwekea MATE kompyuta mbili. Daftari langu likafufuka, karibu lote. Nilimpelekea yule mama habari. Akacheka, akasema barua zake sasa huandikwa na mjukuu. Nilirudi nyumbani nikichukua lawama yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemfundisha mahali pa kubonyeza, sikumfundisha kwa nini. Njia ilipohamishwa hakuwa na pa kushika.

Daftari lile ninalo bado. Sasa kila ukurasa una safu mbili: ya kushoto yasema kitu kipo wapi, ya kulia yasema ni cha kazi gani. Ya kushoto nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi. Ya kulia sijaigusa.