Tangazo la Bure na Gharama Yake: Nguvu ya Soko katika Matangazo Madogo ya Mtandaoni

Tarehe 14 Novemba 2024 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, faini ya Euro milioni 797.72. Shauri lilihusu Facebook Marketplace, ile sehemu ya Facebook ambamo mtu huuza friji aliyoichoka, hutafuta chumba cha kupanga au huulizia pikipiki iliyokwisha kutumika. Kuweka tangazo pale hakulipiwi, na kulitazama hakulipiwi. Ndiyo maana wengi waliosikia habari hiyo walijiuliza mtu anawezaje kuadhibiwa kwa kutoa huduma bure.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Katika matangazo madogo ya mtandaoni, nguvu ya soko hujengwa kwa wingi wa watu na kwa taarifa zao, na huweza kukomaa kabisa kabla bei yoyote haijapanda. Sheria ya ushindani inayosubiri bei ipande ndipo iamke, huamka soko likiwa limekwisha kufungwa. Ulaya imeliona hilo kwa kuchelewa. Afrika Kusini imeliona kwa njia iliyo bora zaidi. Tanzania na Kenya bado zina nafasi ya kutangulia.

Tuanze na biashara yenyewe. Kwa miongo mingi matangazo madogo yalikuwa mali ya magazeti, na mtangazaji alilipa kwa neno au kwa mstari. Craig Newmark alianzisha Craigslist mjini San Francisco mwaka 1995, na ilipoenea katika miji mingine ya Marekani mapato hayo yaliyeyuka. Robert Seamans na Feng Zhu, waliochunguza magazeti ya nchi hiyo, walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2007 watangazaji waliokoa takriban dola bilioni 5 ambazo zamani zingeingia magazetini. Mwenye chumba cha kupangisha alipata nafuu ya kweli. Chumba cha habari kilichoishi kwa fedha hizo kilipata pigo la kweli pia, ingawa hilo ni shauri la makala nyingine.

Lililo muhimu hapa ni tabia ya soko lenyewe. Muuzaji wa gari huenda waliko wanunuzi, na wanunuzi huenda yaliko magari. Kila anayejiunga huongeza thamani ya mahali pale kwa wengine wote, na kila anayeondoka peke yake hupoteza. Kwa sababu hiyo, katika nchi au jiji moja, matangazo ya aina moja huelekea kukusanyika mahali pamoja au pawili. Mshindani anayekuja na tovuti nzuri zaidi isiyo na watu hana anachouza. Hali hii peke yake haina kosa, kwani anayepata wateja wengi kwa huduma bora amestahili kuwapata. Kosa huanza pale wingi uliopatikana katika biashara moja unapotumiwa kuteka biashara nyingine, au pale anayemiliki njia anapojinufaisha kwa siri za wanaopita humo.

Meta ilihukumiwa kwa yote mawili. La kwanza ni kufungamanisha. Marketplace ilianza mwaka 2016 na kuingia katika nchi nyingi za Ulaya mwaka 2017, ikiwa imepachikwa ndani ya mtandao wa kijamii ambao Tume iliona unatawala soko lake katika eneo zima la uchumi la Ulaya. Kila aliyekuwa na akaunti ya Facebook aliwekewa Marketplace mbele ya macho, atake asitake. Kampuni nyingine yoyote ya matangazo madogo ililazimika kutafuta watu wake mmoja mmoja, kwa fedha na kwa miaka, ilhali mpinzani wake alifika akiwa amekwisha kuwa nao mamilioni.

Meta ilijitetea kwamba mtumiaji ana hiari ya kuifungua Marketplace au kuiacha, na kwamba wengi huiacha. Utetezi huo ni wa kweli lakini haugusi hoja. Mwenye kuumizwa na kufungamanisha ni mshindani aliyezibiwa njia na, nyuma yake, mtumiaji wa kesho atakayekuta mlango mmoja tu. Hiari ya kutobofya haimrudishii mshindani njia yake.

Utetezi wa pili wa Meta una uzito zaidi, na nadhani wengi wa wanaoshangilia faini ile hawajautafakari vya kutosha. Meta ilisema uamuzi huo unawakinga wakongwe wa soko dhidi ya mgeni. Wakongwe hao wapo kweli. Leboncoin ya Ufaransa, Marktplaats ya Uholanzi na Kleinanzeigen ya Ujerumani ni majina makubwa mno katika nchi zao, na yote matatu yamo chini ya kampuni moja, Adevinta. Mwaka 2020 Adevinta ilikubaliana kuinunua biashara ya matangazo madogo ya eBay kwa dola bilioni 9.2. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza iliukubali ununuzi huo kwa sharti kwamba Gumtree ya Uingereza, Shpock na Motors.co.uk ziuzwe kwa wengine, na ununuzi ukakamilika mwaka 2021. Miongoni mwa waliolindwa na faini ya Meta, basi, wamo wenye nguvu za kutosha kuwabana wauzaji wa magari na mawakala wa nyumba katika nchi zao.

Jibu langu ni kwamba sheria ya ushindani hailindi mshindani fulani. Hulinda uwezekano wa mwingine kuingia. Mgeni anayeingia kwa kutumia utawala wa soko jingine halifungui soko analoingia. Analibadilishia mmiliki tu, na mmiliki mpya ni mgumu zaidi kung'olewa kwa kuwa mizizi yake iko nje ya soko hilo. Leboncoin inaweza kushindwa na tovuti bora ya matangazo. Marketplace haishindwi hivyo, kwa sababu kumshinda mmiliki wake kunahitaji kwanza kuushinda mtandao wa kijamii wa Facebook.

Kosa la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na ndilo lililozungumzwa kidogo zaidi. Kampuni za matangazo madogo zinazoshindana na Marketplace hulazimika kununua matangazo Facebook na Instagram, maana wateja wako huko. Zinapotangaza huacha nyuma taarifa: bidhaa gani ilibofywa, mji gani, umri gani, saa ngapi, tangazo lipi liliuza na lipi lilikufa. Tume iliona kwamba masharti ya Meta yaliiruhusu kuzitumia taarifa hizo kwa manufaa ya Marketplace. Fikiria mwenye soko anayekodisha vizimba, naye akiwa na kizimba chake mle mle, kisha kila jioni anasoma daftari za wapangaji wake. Hahitaji kupandisha kodi. Anajua ni nani anauza nini na kwa nani, na mpangaji amelipia kusomwa.

Meta ilikana kwamba hutumia taarifa za watangazaji kwa namna hiyo, na ikatangaza kukata rufaa. Lakini Uingereza, iliyofungua uchunguzi wake Juni 2021, wakati uleule na Tume ya Ulaya, ilimaliza suala hilo Novemba 2023 kwa kupokea ahadi rasmi za Meta: mshindani anayetangaza katika majukwaa yake aweze kuzuia taarifa zake zisitumiwe kuiboresha Marketplace. Hakukuwa na faini. Wapo wanaoona huo ulegevu. Mimi naona ahadi inayofanya kazi miaka inayoendelea inamfaa mfanyabiashara mdogo kuliko faini inayosubiri rufaa, mradi mamlaka iwe na watu na ujuzi wa kukagua kama ahadi inatimizwa. Kasoro yake ilikuwa kwamba mzigo ulibaki kwa mtangazaji: yeye ndiye ajue haki hiyo ipo, yeye ndiye aiombe.

Ugumu wa kupima nguvu hii ulijitokeza wazi katika sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya kidijitali. Septemba 2023 Marketplace iliorodheshwa miongoni mwa huduma za walinda lango, yaani zile zinazobeba wajibu wa ziada kwa sababu biashara nyingi haziwezi kuzikwepa. Aprili 2025 ikaondolewa. Sababu ilikuwa ya kihesabu: katika mwaka 2024 idadi ya watumiaji wake wa kibiashara ilikuwa chini ya 10,000, kiwango kinachotakiwa na sheria. Huduma ileile iliyosababisha faini ya karibu Euro milioni 800 ikawa haina ukubwa wa kutosha kusimamiwa.

Hakuna ukinzani wa kisheria hapo, kwa kuwa sheria ni mbili na vigezo ni viwili. Lakini kuna fundisho. Matangazo madogo kwa asili yake ni ya watu binafsi: mama anayeuza kitanda cha mtoto, mwanafunzi anayeuza kompyuta. Kipimo kinachohesabu kampuni tu kinawakosa wao, na wao ndio wengi wanaolifanya soko hilo liwe soko.

Afrika Kusini ilipita njia tofauti. Mei 2021 Tume yake ya Ushindani ilianza uchunguzi wa majukwaa ya mtandaoni yanayowakutanisha wauzaji na wanunuzi, na tarehe 31 Julai 2023 ikatoa ripoti ya mwisho. Katika matangazo ya nyumba ilizitazama Property24 na Private Property, na katika magari AutoTrader na Cars.co.za. Jambo moja katika ripoti ile lapaswa kusomwa na kila msimamizi wa ushindani Afrika: wakala mdogo wa nyumba alikuwa akilipa zaidi kwa tangazo kuliko wakala mkubwa. Tovuti ilikuwa ileile na nyumba zilikuwa za aina ileile, lakini aliyeanza jana alibeba ada kubwa kuliko aliyetamba miaka 30. Katika nchi ambako ubaguzi wa rangi uliamua nani amiliki biashara za nyumba, tofauti hiyo ya ada huendeleza urithi ule kimyakimya. Tume ilitaka tofauti hizo zipunguzwe. Ilitaka pia programu ambazo mawakala huzitumia kupandisha matangazo ziliruhusu tangazo moja kwenda katika majukwaa shindani, ili wakala asifungwe mahali pamoja.

Uzuri wa njia hiyo uko katika chombo chenyewe. Baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, uchunguzi wa soko nchini humo unaweza kuleta maagizo yenye nguvu ya kisheria hata pasipo kwanza kumthibitisha mtu kuwa mkosaji. Tume huuliza kama soko linafanya kazi, na kama halifanyi, nini kirekebishwe. Ilichukua miaka miwili na kidogo. Shauri la Meta huko Brussels lilichukua zaidi ya mitatu, kisha likaelekea kwenye rufaa.

Je, sisi? Aprili 2019 Jiji, kampuni ya matangazo madogo iliyoanzia Nigeria mwaka 2014, ilitangaza kuzichukua biashara za OLX katika Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na Tanzania, na waliokuwa watumiaji wa OLX wakaelekezwa Jiji. Majina mawili ya matangazo madogo yakawa moja. Sidai kwamba Jiji imevunja sheria. Nasema tu kwamba katika soko ambalo kwa asili yake hukusanyika, muungano wa namna hiyo ulistahili mjadala mkubwa wa umma, na sikuuona. Kando yake zimesimama Facebook na WhatsApp, zote za Meta, ambamo dalali wa Sinza au Kinondoni jijini Dar es Salaam sasa anatangaza vyumba. Dalali huyo bado humdai mpangaji kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha nyumba. Teknolojia iliyoahidi kumpunguzia mpangaji gharama hiyo imemwongezea dalali uwanja, na uwanja huo nao una mwenyewe.

Sheria zetu si maskini kama inavyodhaniwa. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake, inaweza kumhesabu mtu kuwa ametawala soko hata akiwa na mgao ulio chini ya asilimia 40, mradi ana nguvu ya soko. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 ni ngumu zaidi, kwa kuwa inataka mgao uvuke kiwango kilichowekwa na pia uwepo uwezo wa kubana ushindani kwa faida na kwa muda mrefu. Hapo ndipo tangazo la bure linapoleta tatizo: mgao wa huduma isiyo na bei unapimwaje? Ukipimwa kwa mapato, jukwaa kubwa kuliko yote laweza kuonekana dogo. Upimwe kwa idadi ya matangazo yaliyo hai na kwa majibu wanayopata watangazaji, maana hicho ndicho mtu anachokifuata anapochagua pa kutangaza. Upimaji huo hauhitaji kungoja Bunge; Tume ya Ushindani ya Tanzania inaweza kuuweka katika miongozo yake.

Upande wa taarifa, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili humlinda mtu. Taarifa za biashara za mshindani, zile ambazo shauri la Meta lilizihusu, haziingii humo kwa urahisi. Wasimamizi wa ushindani wasijifariji kwamba jirani yao wa taarifa binafsi ataifanya kazi hiyo.

Najua hoja itakayoletwa: nchi zetu ni ndogo mbele ya kampuni hizi, na wakikasirika wataondoka. Nigeria iliitoza Meta dola milioni 220 Julai 2024 kwa makosa ya ushindani na haki za walaji, na Wanigeria bado wanatumia WhatsApp.

Kwa hiyo naziomba Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zifungue kwa pamoja uchunguzi wa soko la matangazo madogo ya mtandaoni, wala zisingoje malalamiko rasmi. Zianze na nyumba na magari, ambako fedha ya mwananchi ni nyingi na kosa ni la gharama. Waitwe mawakala wadogo, madalali, wauza magari wa barabarani na wapangaji, waulizwe wanalipa nini, kwa nani, na wangeweza kwenda wapi pengine. Majibu yao yachapishwe kwa Kiswahili.