Jeki Huinua, Mhimili Huhimili

Neno jeki limekwisha kuwa letu. Fundi husema "piga jeki", na magazeti ya Kenya yamelipeleka mbali na gereji: serikali hupiga jeki kilimo, mkopo hupiga jeki biashara. Lakini kifaa kinachopaswa kuandamana na jeki hakijapata jina lililotulia. Ni kile kigoda cha chuma chenye miguu mitatu au minne na shingo inayopanda na kufungwa kwa pini au meno, ambacho gari huketishwa juu yake likishainuliwa. Wengine hukiita stendi, neno lililokwisha kuchukuliwa na mabasi. Wengi hawakiiti chochote, kwa kuwa hupanga matofali. Napendekeza tukiite mhimili.

Sababu imo katika kazi yenyewe. Jeki ya mafuta hubeba uzito kwa shinikizo la mafuta yaliyozuiwa na sili; sili ikichoka, gari hushuka, polepole au ghafla. Jeki ya skrubu haivuji, ila kitako chake ni chembamba, na gari likisogea kidogo jeki hulala. Mhimili hautegemei mafuta wala sili. Kitenzi himili tunakitumia kwa nguzo na paa, na tunataja mihimili mitatu ya dola. Ni kweli kwamba wanahisabati nao wana mhimili wao, lakini chini ya gari hakuna atakayechanganya.

Kwa magari ya kale, tofauti hii ni ya uhai. Chukua Land Rover za Series, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1985, na ambazo baadhi zingali zikitembea Afrika Mashariki. Kwanza, breki ya mkono ya gari hilo haikamati magurudumu. Hukamata propela shafti, nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili, huliruhusu lizunguke kinyumenyume hewani, na mwenzake aliye chini huwa huru kubingirika. Breki umeivuta hadi mwisho, na bado gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Kwa hiyo kabari hutangulia: mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini.

Pili, bodi ya gari hilo ni ya aloi ya alumini, lakini fremu ni ya chuma chenye uwazi ndani, na kutu huila kutokea humo. Rangi inaweza kung'aa nje ilhali ndani ni unga. Kwa hiyo jeki ikae chini ya ekseli, karibu na springi, si chini ya fremu.

Mpangilio ni huu. Tafuta ardhi ngumu na tambarare. Weka kabari. Legeza nati tano za gurudumu kidogo, gari likiwa bado chini. Piga jeki. Ingiza mhimili chini ya ekseli, kisha shusha gari hadi likae juu yake. Lisukume kwa mkono. Likitulia, ndipo nati zitoke. Matofali usiyaamini, hupasuka bila kutoa onyo.

Walimu wa ufundi na waandishi wa miongozo ya magari walipe neno hili nafasi, maana kifaa kisicho na jina husahaulika hata kununuliwa. Nawe mwenye gari la kale, nunua mihimili miwili, na usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.