Picha za Kivuli na Nyuso Zenye Nembo katika Nchi ya Wamwera

Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, mtu asiyemudu gharama za mchoraji wa rangi alijipatia picha ya kivuli, yaani umbo la uso wake likitazamwa kutoka upande mmoja, likakatwa kwenye karatasi nyeusi au kuchorwa kwa wino, bila macho wala alama yoyote ndani ya ukingo wake. Picha hizo zilithaminiwa kupita bei yake, kwa kuwa wafuasi wa Johann Kaspar Lavater, mchungaji wa Zurich aliyechapisha vitabu vyake kuhusu nyuso katika miaka ya 1770, waliamini kwamba mstari wa paji, pua na kidevu hufichua tabia. Ndugu na marafiki wakapeana, hadi kamera ilipozipokonya soko baada ya 1839.

Zama hizohizo katika nchi ya Wamwera, ambamo kijiji cha Nkowe wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kimo, sura haikuhitaji karatasi, maana uso wenyewe ulichorwa. Fundi alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akapaka unga wa mkaa kwenye chale, na kovu likabaki kuwa nembo iliyomtambulisha mtu na watu wake. Wanawake walivaa pia ndonya, kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu: msichana alitobolewa tundu dogo, akatiwa kijiti chembamba, kisha vikafuata vingine vinene zaidi kadiri umri ulivyosonga, hadi tundu likapokea kisahani kipana.

Lau mkata vivuli angemketisha mwanamke wa Kimwera mbele ya taa, mkasi wake ungeinasa ndonya iliyochomoza, lakini nembo za shavuni zingemezwa na weusi, na asili yake pamoja nazo. Kivuli kilimwonyesha mtu peke yake; nembo ilimwonyesha akiwa na wenzake, na kwa hilo ilisema mengi zaidi.

Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi na kamera mwaka 1906, Vita vya Maji Maji dhidi ya watawala wa Kijerumani vikiwa vimewaacha Wamwera na njaa. Wengi aliowapiga picha waliingia vitabuni kama mifano ya kabila, bila majina yao, na huo ni upungufu mzito. Familia za Nkowe na vijiji jirani zinazokumbuka bado ni bibi yupi aliyevaa ndonya na ni nani aliyemchanja, ziyaandike majina hayo sasa.