Chazo wa Babu

Nina kitana cha ng'amba alichoniachia bibi. Kimekatika meno mawili, lakini ukikiinua juani bado kinang'aa rangi ya asali na kahawa. Gamba lake lilitoka bahari ya Kizingitini, kisiwani Pate, na ng'amba mwenyewe, aina ya kasa, alinaswa na babu kwa msaada wa samaki.

Samaki huyo ni chazo. Pezi lake la mgongoni limesogea kichwani likawa kibandiko chenye vipapi vilivyopangana kama ngazi. Babu alimfunga kamba nyembamba shinani mwa mkia, akamlea ndani ya maji mtumbwini. Akimwona kasa ameibuka, humwachia chazo akajibandike gambani. Hapo ndipo penye ustadi: kamba ikivutwa nyuma, vipapi huzidi kung'ang'ania, chazo huachia akijisukuma mbele. Kwa hiyo babu alivuta polepole, bila kulegeza. Frederic Holmwood wa ubalozi wa Uingereza pale Unguja aliandika habari za uvuvi huu, zikachapishwa London mwaka 1884.

Kutafuta kasa ni kazi ya kale zaidi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja magamba miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, na watu wa kisiwa cha Menouthias waliotega kasa kwa matenga kwenye milango ya maji. Kilichotakiwa ni yale mabamba 13 makubwa ya mgongoni, yaliyopandana kama makuti ya paa. Yalibanduliwa kwa moto au maji ya moto, na kila nikishika kitana hiki jambo hilo huniuma. Ng'amba huchelewa mno kukomaa, miaka 20 na zaidi. Tulivua upesi kuliko walivyozaliana. Mkataba wa CITES ulifunga biashara yake ya kimataifa mwaka 1977, lakini Japani ilikataa marufuku hiyo, ikaendelea kununua hadi miaka ya 1990.

Siku moja chazo wa babu alijibandika kwa noa, kasa wa ngozi. Noa hatagi kwetu. Hutaga kusini, pwani za KwaZulu-Natal na Msumbiji, nasi humwona akipita tu. Mgongo wake ni ngozi nyeusi yenye matuta 7, hauna gamba la kuuza, na aliyekomaa huweza kupita kilo 300. Noa yule akazama, na noa huweza kuzama zaidi ya mita 1,000. Mtumbwi ukainama. Babu akakata kamba.

Siku mbili hakwenda baharini. Bibi alisema alikuwa akimlilia chazo.