Aliyewahi Hakutangulia Tena

Kwa miaka mingi hospitali nyingi za Afrika zilimpokea mtoto kwa utaratibu uleule wa watu wazima: kadi, benchi, kungoja zamu. Mwenye degedege angeweza kukaa nyuma ya mwenye mafua. Vifo vingi vya wodini vilitokea kabla hata ya saa 24 kupita tangu mtoto alazwe.

Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, iliuvunja utaratibu huo mwaka 2001. Profesa Elizabeth Molyneux na wenzake hawakuanza na mashine. Walipanga upya sehemu ya mapokezi, wakawafundisha wahudumu kuichambua foleni: nani anapumua kwa shida, nani mikono imepoa, nani hana fahamu, nani amekaukiwa maji kwa kuhara. Hao wakapita mbele, kadi ikafuata baadaye. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa asilimia 10 hadi 18, vikashuka hadi asilimia 6 hadi 8. Kwa mabadiliko yasiyohitaji vifaa vya bei mbaya, hayo si matokeo madogo.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa mafunzo ya aina hiyo, yanayoitwa ETAT. Kenya ikaupanua kuwa ETAT+, kozi ya siku tano ambamo muuguzi, tabibu na daktari huketi darasa moja na kumhudumia mwanasesere aliyeacha kupumua. Ilipopimwa katika hospitali 8 za wilaya, zile 4 zilizopata kozi, ziara za ukaguzi na mtu wa kufuatilia papo hapo zilitoa huduma bora kuliko 4 zilizopewa vitabu na semina fupi.

Kisha somo lenyewe likatiwa shaka. Wahudumu walikuwa wakifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu amwagiwe dripu haraka. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, ulioongozwa na mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Teule ya Muheza, Tanzania, ulitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Katika saa 48, walikufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo ya haraka. Wasiopewa, asilimia 7.3. Watoto wa kuhara hawakuhusishwa, na kwao dripu imebaki tiba.

Wataalamu walibishana kwa miaka. Shirika la Afya Duniani liliurekebisha mwongozo wake mwaka 2016, na wakufunzi wakaanza kuwafundisha wanafunzi wao wa zamani kuizuia mikono yao.