Shati la Mdogo Wangu

Wahenga walisema, mficha ugonjwa kilio humfichua. Kwetu Kagera, katika miaka ya themanini, kilio nacho kilijifunza kuficha.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla watu hawajalizoea jina hilo la kitaalamu, wengi waliuita ugonjwa huo "Juliana", kutokana na nguo za jina hilo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ugonjwa ulipewa jina la nguo. Waliokufa nao hawakutajwa.

Mwaka 1989 nilimzika mdogo wangu, mwalimu kama mimi. Kwa kuwa nilikuwa nikifundisha chuo cha ualimu, wazee walinipa kazi ya kusoma historia ya marehemu makaburini. Nilisoma alipozaliwa, shule alizosoma na alizofundisha. Nilipofika kwenye chanzo cha kifo nikasema "malaria". Watu waliinamisha vichwa. Wote tulijua. Usiku ule mama hakulia kwa sauti. Aliketi mkekani na shati la mwanawe mapajani, akipapasa vifungo kimoja kimoja.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za watu wa mbali waliofanya na nguo za marehemu wao jambo ambalo sisi hatukuthubutu. Katika mji wa San Francisco, Marekani, Novemba 1985, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba waandamanaji waandike kwenye makaratasi majina ya jamaa na rafiki zao waliokufa kwa UKIMWI. Makaratasi yale yalibandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali, yakafanana na blanketi la viraka. Mwaka 1987 watu wakaanza kushona blanketi lenyewe. Kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kadiri ya kaburi. Wengi walioshona hawakuwa mafundi. Walikuwa wazazi, wapenzi na marafiki. Walitumia mashati, suruali za jinzi, vifungo, barua na picha za wapendwa wao.

Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa mjini Washington, na majina yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine. Kule nako familia nyingi zilificha, na baadhi ya wenye kazi ya kuandaa mazishi walikataa maiti hizo. Aliyenyimwa maziko ya heshima alishonewa kitambaa. Aliyenyamaziwa aliitwa kwa jina. Mkono ulianza kazi ambayo mdomo uliiogopa, kisha mdomo ukaufuata mkono. Blanketi hilo sasa lina vipande karibu 50,000 na majina zaidi ya 110,000.

Sisi hatukukosa njia. Msibani tunalala pamoja mkekani, tunashikana mikono tukipeana pole, tunaimba mpaka usiku wa manane. Sauti tulikuwa nayo, na mikono ya kushikana tulikuwa nayo. Tulichokosa ni ukweli. Pole niliyopewa siku ile ilikuwa ya malaria. Ile ya UKIMWI sikuipata, wala sikuwapa wenzangu waliokuwa wakizika ndugu zao kama mimi, nyumba kwa nyumba, kila mmoja na uongo wake.

Mama alipofariki nililikuta lile shati chini kabisa ya sanduku lake, limekunjwa vizuri. Vifungo viwili vimekatika. Sasa liko kwangu. Wajukuu wakiuliza ni la nani, nawaita karibu, nawapa walishike, nawatajia jina lake. Kisha nawaambia nilichopaswa kukisoma siku ile makaburini: mdogo wangu alikufa kwa UKIMWI.