Likizo ya Tabibu Aliyechoka: Asili ya Mafungo Nairobi

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara, hata na watu wa ibada, kwamba mafungo ya kiroho ni anasa iliyozaliwa juzi katika vitongoji vya Karen kwa ajili ya wenye magari na wasaa, na kwamba Nairobi, mji ulioletwa na reli mwaka 1899, haukupata kujua kutulia mbele ya Mungu. Dhana hiyo siikubali, maana wanaoishikilia wamehesabu nyumba za mafungo, wakasahau kuwahesabu waliojitenga na shughuli zao pasipo nyumba yoyote.

Kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Misheni ya Mtakatifu Austin upande wa Lavington mwaka ule ule wa reli, na kwamba Waskoti walikuwa wamekwisha kutua Thogoto mwaka mmoja kabla, ni mambo yajulikanayo. Na ule ugomvi wa Thogoto wa 1913, ambao Askofu Frank Weston wa Unguja aliuvumisha hata Uingereza, ulihusu ushirika wa meza ya Bwana, wala hautufai hapa.

Kinachotufaa kimo katika kitabu cha Dakta Joe Church, Quest for the Highest, kilichochapishwa 1981, ambacho wasomaji wake aghalabu hukifungua wakitafuta makutano makubwa na toba za hadhara, wakaipita upesi habari ya 1929. Church alikuwa tabibu wa misheni huko Gahini, Rwanda, na njaa kuu ya 1928 na 1929 ilikuwa imemchosha mwili na roho. Ndipo alipokwenda Kampala kupumzika, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mtumishi wa serikali katika idara ya afya, aliyekuwa na kiu kama yake. Kwa siku mbili wakakaa na Biblia na sala, kazi zao zikingoja. Baadaye Nsibambi akaiacha kazi ya serikali ahubiri. Basi Uamsho ulioenea Afrika ya Mashariki yote ulichipuka katika likizo ya mtu aliyechoka, nami sioni kuwa hiyo ni sadfa.

Mwaka 1937 ujumbe wa Uamsho ukafika Kabete, magharibi ya mji wetu. Wako wasemao, na hoja yao yastahili kusikizwa, kwamba nyimbo za Ndugu, kama waitwavyo watu wa Uamsho, na kuungama kwao kwa sauti havilingani na kimya cha mafungo. Lakini aliyepata kuketi katika ushirika wao wa kila juma anajua kwamba kiini chake ni kusimama: mwalimu, mkulima na karani huweka chini jembe na kalamu, kila mmoja akayatoa hadharani yale ambayo haraka ya juma zima ilimruhusu kuyaficha. Wenyewe huita kutembea nuruni. Hapakuhitajika ada, wala gari.

Hata Karen yenyewe haithibitishi wasemayo. Huko, katika Bustani ya Ufufuko, amelala Kardinali Maurice Otunga, Askofu Mkuu wa Nairobi tangu 1971 hata 1997, ambaye alipostaafu alichagua kuishi na wazee maskini katika Nyumba ya Wazee. Alifariki 2003, akazikwa Msongari, na mwaka 2005 mwili wake ukahamishiwa bustanini. Na katikati ya mji, katika Basilika ya Familia Takatifu, saa ya chakula cha mchana wako makarani na wachuuzi wanaokiacha chakula wakaingia misani, kisha wakarudi kazini.

Waliokuwapo Kabete mwaka 1937 wamekwisha kuondoka karibu wote; watoto wao, walioketi kando ya mama zao katika ushirika ule, sasa ni wazee. Msomaji uliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, keti naye jioni moja, uandike ayasemayo.